Maneno Yetu kwa Waalimu wa Chuo juu ya Vitabu Huria

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mjumbe wa tawi letu la Relwe siku kamati ilipoalikwa katika mkutano wa waalimu wa chuo kimoja cha ufundi. Wanachama wengi ambao hawakuwapo waliomba yachapwe, basi twayachapa yote kama yalivyosemwa.)



Si desturi mafundi wa Relwe kuja mbele ya waalimu kuwaambia habari za vitabu. Wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule za misheni, na tukiingia katika chumba chenye ubao mkubwa bado twaona haya, twatazama kwanza kama mikono imetakata. Lakini tumetumwa na wenzetu, na aliyetumwa hana budi kusema alilotumwa.

Wanachama wetu ni wanafunzi wenu. Wako wanaokuja jioni baada ya zamu, wengine bado wana grisi chini ya kucha. Wako watoto wetu wanaokuja mchana. Karo twailipa kwa mkopo wa akiba na ushirika, nayo hukatwa katika mshahara kila mwezi kabla hatujauona. Juu ya karo hatukuja kulalamika leo. Tumekuja juu ya vitabu.

Tuwape habari moja. Vijana watatu wa karakana yetu, wasaidizi wa mafundi wa mabehewa, walijiandikisha pamoja katika masomo ya jioni ya ufundi wa mitambo. Juma la kwanza walipewa orodha ya vitabu. Walipokwenda dukani waliona kwamba kitabu kimoja tu katika orodha ile kitamaliza fedha ya chakula ya nyumba kwa siku nyingi. Wakachanga wakanunua kimoja. Halafu wakakikata kwa kisu mgongoni, vipande vitatu, kila mmoja akachukua chake, wakawa wakibadilishana kila siku ya mshahara. Mpango ulikwenda vizuri mpaka mwezi wa mtihani. Mwezi ule mmoja wao alipelekwa Voi kwa haraka kutengeneza mabehewa yaliyoacha reli, naye alikuwa na kipande cha katikati ndani ya mfuko wake. Katika kipande hicho ndimo ilimokuwa sura ya msuguano. Mtihani ukaja na maswali mawili ya msuguano.

Wawili walianguka somo lile. Mmoja akarudia, mwingine akasema basi. Huyo aliyesema basi ni mtu anayejua msuguano kuliko sisi sote, maana kila siku ndiye anayepima viatu vya breki na kusema hiki kimekwisha, hiki bado. Mpaka leo ni msaidizi wa fundi, na mshahara wake ni wa msaidizi.

Twajua mtasema kwamba nje ya lango la chuo kiko kibanda cha kutoa kopi, na kitabu kizima hutolewa humo kwa fedha kidogo. Ni kweli, nasi tumekwenda humo mara nyingi. Lakini Sheria ya Haki ya Kunakili ya mwaka 2001 haimruhusu mtu kutoa kopi ya kitabu kizima cha mwingine na kukiuza. Mwenye kibanda ajua, sisi twajua, nanyi mwajua. Twafanya kama wote hatujui. Si vizuri chuo kumfundisha kijana kazi ya uaminifu, kazi ambayo kosa lake huua abiria, na hali kitabu anachosoma amekipata kwa mlango wa nyuma.

Basi kamati ikamtafuta mmoja wa wanachama wetu, kijana wa ofisi ya ishara ambaye ni hodari wa kompyuta, tukamwambia atafute kama iko njia ya halali. Akarudi baada ya majuma mawili na habari ambazo kwa kweli hatukuziamini mara ya kwanza. Ndizo tulizokuja kuwaeleza. Wako kati yenu wanaozijua kuliko sisi, hao watuvumilie.

Viko vitabu vingi vya vyuo, vilivyoandikwa na waalimu wenye elimu kubwa, ambavyo wenyewe wamevitoa kwa ruhusa ya maandishi kwamba mtu yeyote avichukue. Kwa Kiswahili wengine huviita vitabu huria, au nyenzo huria za elimu. Mwenye kitabu haachi haki yake ya kuwa mwandishi. Hutoa leseni tu, yaani karatasi ya ruhusa inayokwenda pamoja na kitabu popote kiendapo. Leseni nzuri yampa msomaji idhini ya kukiweka kitabu daima, kukitumia darasani, kukibadili, kukichanganya na kingine, na kumpa mwenzake. Sharti lililo kubwa ni kumtaja mwandishi wa kwanza.

Jambo hili si la jana. Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake katika intaneti bila malipo. Mwaka 2002 UNESCO iliita mkutano Paris kuangalia kama mpango wa namna hiyo wafaa nchi kama zetu, na katika mkutano huo ndipo jina la nyenzo huria lilipotolewa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo leseni za Creative Commons zilianza kutolewa, nazo ndizo zinazotumika zaidi mpaka sasa. Mwezi wa Novemba 2019 mkutano mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo kwa serikali zote wanachama juu ya kuvisaidia vitabu hivi, na Kenya ni mwanachama.

Hapa twaomba tusimame kidogo, maana ndipo watu wengi hukosea, hata sisi tulikosea. Kitabu kinachosomwa bure si lazima kiwe kitabu huria. Mtatuelewa kwa mfano wa Relwe. Mwaka 2019 reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ilifika Suswa. Reli ya zamani ina upana wa mita moja. Hata zikilala kando kwa kando, behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na shehena yapaswa kushushwa na kupakiwa tena. Hivyo ndivyo kilivyo kitabu kilichomo katika intaneti bila leseni. Macho yako yaweza kukiona, lakini huwezi kukipiga chapa ukawagawia wanafunzi, wala huwezi kutoa mfano wa Boston ukatia mfano wa Timboroa.

Kwa hiyo mwalimu atazame herufi za leseni kabla ya kufurahi. BY maana yake umtaje mwandishi. SA maana yake kitabu ulichokibadili nawe ukitoe kwa ruhusa ile ile. NC maana yake usikifanyie biashara. ND maana yake usimpe mtu mwingine kitabu ulichokibadili, na hata tafsiri ya Kiswahili yahesabiwa kuwa ni kubadili. Kitabu chenye ND chafaa kusoma, lakini kwa kazi tunayowaomba hakitoshi.

Sasa vitabu vyenyewe. Tutataja vichache vinavyogusa kazi zetu.

Katika jimbo la Washington huko Marekani kiko chuo cha ufundi cha Bellingham. Si chuo kikuu chenye sifa duniani, ni chuo cha mafundi kama hiki. Mwalimu mmoja wa hapo, Tony Kuphaldt, alianza kuwaandikia wanafunzi wake masomo ya umeme, kisha akayatoa kwa ulimwengu mzima. Masomo hayo yamekuwa vitabu sita, tangu umeme wa mkondo mmoja mpaka umeme wa kubadilika na majaribio ya mkono. Baadaye aliandika kitabu kikubwa cha vyombo vya kupimia na kuongoza mitambo, nacho ni huria. Fundi wetu wa ishara alikifungua akasema, "Huyu amepata kushika bisibisi." Hatujui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mwandishi.

Huko Kanada, serikali ya jimbo la British Columbia ilitangaza mwaka 2012 mpango wa vitabu huria vya vyuo, na kazi ilipewa shirika la BCcampus. Katika vitabu walivyotoa viko vya wanafunzi wa ufundi hasa: usalama wa kazini, zana na matumizi yake, hesabu za fundi, kusoma michoro, misingi ya umeme. Kijana aliyetoka shule akaingia karakana angekuwa na vitabu hivyo katika simu yake, asingetuuliza kila asubuhi maswali ambayo sisi wenyewe twajibu kwa kukisia.

Kisha kuna OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston. Ilianza kutoa vitabu vyake mwaka 2012, na cha fizikia kilikuwa katika vile vya kwanza. Leo ina vitabu vya hesabu, kemia, uhasibu, uchumi na mengine. Vingi vina leseni ya BY peke yake, ingawa vya kalkulasi vina NC na SA, kwa hiyo angalieni.

Wala msidhani ni mambo ya wazungu tu. Afrika ya Kusini, mwaka 2002, wanafunzi wa fizikia wa Cape Town walianza kuandika vitabu vya sayansi vya shule kwa kujitolea. Kazi hiyo ilikua ikawa Siyavula, na mwaka 2012 serikali ya huko ilivipiga chapa vitabu vyao vya hesabu na sayansi na kuvipeleka katika shule za nchi nzima. Hapa kwetu, Nairobi ilikuwa makao ya African Virtual University, iliyoanzishwa mwaka 1997, nayo ilikusanya waalimu wa vyuo vikuu vya nchi mbali mbali za Afrika wakaandika masomo ya hesabu na sayansi kwa ajili ya waalimu, wakayatoa huria. Mpango wa TESSA, ulioanza mwaka 2005, umetoa masomo ya kufundishia waalimu wa shule za msingi, na baadhi yake ni kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Egerton kilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyofanya kazi hiyo. OER Africa, iliyoanzishwa mwaka 2008, imekuwa ikiwasaidia waalimu wa vyuo vya Afrika kwa jambo hili hili tunalolisema. Kwa hiyo mkitaka mtu wa kuwaonyesha njia, hamhitaji kupanda ndege.

Sasa tuyajibu yale ambayo tumesikia waalimu wakiyasema. Tumeyasikia kwa wema, wengine wenu mlikuja ofisini kwetu mkatueleza wazi.

La kwanza ni kwamba kitu cha bure hakina thamani. Sisi pia hatupendi spana ya bei rahisi. Lakini ubora wa spana wajulikana kwa kuifungia nati, na kitabu hujulikana kwa kukisoma. Katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walitazama matokeo ya wanafunzi 21,822 katika masomo ambayo waalimu waliacha vitabu vya kununua wakatumia vya OpenStax. Habari ilitolewa mwaka 2018. Alama zilipanda, na wanaoanguka au kuacha somo walipungua, na waliofaidika zaidi ni wale wanaopata msaada wa serikali kwa sababu ya umaskini na wale wasiosoma siku nzima. Wasiosoma siku nzima, waalimu wetu, ndio sisi wa jioni. Hatusemi kwamba mambo ya Georgia yatatokea hapa kwa hesabu ile ile. Twasema tu kwamba hawakuharibikiwa.

Tena msidhani kwamba huko vitabu vya kununua ni rahisi ndiyo maana wana nafasi ya kucheza. Hesabu ya serikali ya Marekani yaonyesha kwamba tangu Januari 2006 mpaka Julai 2016 bei ya vitabu vya vyuo ilipanda kwa asilimia 88. Walilia kama sisi, ndipo wakatafuta njia.

La pili ni kwamba mifano ya humo ni ya kigeni. Hilo ni kweli kabisa. Vitabu vya Kanada vyataja sheria za usalama za British Columbia, na fundi wa Nakuru akizifuata hizo atashangaa siku atakapokuja mkaguzi, maana yetu ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Lakini ndiyo maana twataka kitabu chenye ruhusa ya kubadilika. Mwalimu atoe sura ya sheria ya Kanada, atie yetu. Katika fizikia atoe mchezo wa kuteleza juu ya barafu, ambao hatujauona ila katika sinema, na badala yake aulize hivi: kwa nini dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu gari linapopanda mlima siku ya mvua? Chuma juu ya chuma, na maji katikati. Kila kijana wa Relwe ataelewa msuguano kabla hujamaliza kuandika ubaoni. Sisi tuko tayari kuwaletea mifano ya namna hiyo, ya breki, ya uzito wa ekseli, ya urefu wa reli unaozidi kwa joto la mchana huko Makindu. Mifano hatuna shida nayo.

La tatu ni intaneti na gharama ya bando. Kitabu hupakuliwa mara moja tu. Kikishakuwa katika flashi, chaweza kupita kutoka kompyuta hadi kompyuta na simu hadi simu bila bando, na ni halali. Asiyeweza kusoma juu ya kioo cha simu, na macho ya wengine wetu yamechoka kwa kazi ya kulehemu, atapigiwa chapa.

La nne ndilo zito, nasi hatutalipita mbio. Waalimu wengine, hasa wanaolipwa kwa saa, huandika vijitabu vyao vya masomo na kuwauzia wanafunzi. Tumesikia watu wakiwalaumu. Sisi hatuwalaumu. Mtu asiyelipwa likizo, ambaye mkataba wake huisha kila muhula, akitafuta shilingi chache kwa kalamu yake, hakuiba. Sisi ni chama cha wafanya kazi, wala hatuwezi kuja hapa kumwambia mfanya kazi mwenzetu afanye kazi ya usiku bila malipo kwa sababu ni kazi njema. Maneno hayo ya kazi njema tumeambiwa sana na waajiri wetu.

Basi sikilizeni jinsi wengine walivyofanya. British Columbia waalimu walilipwa kukikagua kitabu na kuandika maoni yao. Kule Georgia, mpango wa jimbo ulioanza mwaka 2014 huwapa waalimu fedha kwa kazi ya kugeuza somo litoke kwenye kitabu cha kununua liingie kwenye kitabu huria. Chuo Kikuu cha Minnesota, kilichofungua maktaba ya vitabu huria mwaka 2012, kiliwapa waalimu dola 200 baada ya kuhudhuria semina na kuandika uhakiki wa kitabu kimoja. Fedha si nyingi, lakini yaonyesha kwamba kazi ilihesabiwa kuwa kazi. Na wengi waliosoma kitabu kwa ajili ya uhakiki walianza kukitumia, kwa kuwa walikuwa hawajapata kukifungua kabla.

Kwa hiyo, Bwana Mkuu wa Chuo, ombi letu la kwanza ni kwako wala si kwa waalimu. Mwalimu anayekubali kugeuza somo lake apunguziwe saa za kufundisha muhula huo, au alipwe. Na kazi hiyo iandikwe katika faili lake, ihesabiwe siku ya kupandishwa cheo. Siku hizi mwalimu akiandika makala ambayo watu wachache wataisoma huhesabiwa, na akitengeneza kitabu kitakachosomwa na vijana mia kila mwaka haipati hata mstari mmoja. Twaona si haki.

Liko pia jambo la sheria ambalo twaomba lisifichwe. Kwa sheria yetu ya mwaka 2001, kazi iliyoandikwa na mtu aliyeajiriwa, katika kazi yake ya ajira, haki yake huhesabiwa kuwa ya mwajiri isipokuwa wamepatana vingine. Maana yake, mwalimu akiandika masomo kwa ajira ya chuo kisha akatia leseni huria bila kupatana na chuo, huenda ametoa ruhusa ya mali isiyo yake. Na leseni za Creative Commons zikishatolewa hazirudishwi kwa yule aliyekwisha pokea. Basi chuo na waalimu waandikiane mapatano kwanza, karatasi moja tu, isemayo kwamba masomo ya namna hii yatatolewa kwa leseni fulani na jina la mwalimu litabaki juu yake. Tumeona katika kazi yetu kwamba jambo lisiloandikwa mapema huandikwa baadaye na mwanasheria, na yeye hutoza fedha nyingi.

Tena tuseme hofu yetu wenyewe. Wako wanachama waliotuuliza, je, vitabu vya bure vikiingia, mwajiri hatasema kwamba waalimu wapunguzwe, kila mtu asome peke yake katika simu? Sisi tumepita katika jambo la namna hiyo. Mashine mpya huja, huambiwa ni ya kutusaidia, na mwaka ukiisha nusu ya meza ziko tupu. Kwa hiyo twasema wazi mbele ya Mkuu wa Chuo: chama chetu kinaunga mkono vitabu huria pamoja na waalimu wa kuvifundisha. Siku kitabu kitakapotumiwa kuwa sababu ya kumfukuza mwalimu, tutakuwa upande wa mwalimu, na barua tuliyoleta leo itahesabiwa kuwa imefutwa. Tumeiandika hivyo, aya ya mwisho.

Hatuombi chuo kizima kigeuke mwezi ujao. Twaomba somo moja, muhula mmoja. Kamati imefikiri kwamba fizikia ya mwaka wa kwanza yafaa kuanza, kwa sababu kitabu kipo tayari na kina leseni nzuri, na kwa sababu ndipo vijana wetu wengi huangukia. Lakini mwalimu ndiye ajuaye, naye akisema hesabu za fundi zianze, zianze. Asome kitabu kwanza sura kwa sura akiwa na silabasi mkononi, atie alama panapofaa na pasipofaa. Sura isiyofaa aitupe. Ruhusa anayo.

Upande wetu twatoa haya. Mashine ya kurudufu inayochapa taarifa hii ya chama haifanyi kazi siku zote za mwezi. Kamati imekubali ipige chapa sura za kitabu kitakachochaguliwa, na mwanafunzi atalipa gharama ya karatasi na wino tu, bila faida kwa chama. Flashi kumi zitanunuliwa kwa fedha ya tawi ziwekwe katika maktaba yenu. Na mafundi wanne, wawili wa mabehewa, mmoja wa ishara na mmoja wa njia ya reli, wamejitolea kusoma mifano mipya ambayo mwalimu ataiandika, wamwambie kama ndivyo kazi ilivyo. Mmoja wao ni yule kijana wa kipande cha kitabu kilichokwenda Voi. Alipoulizwa kwa nini amejitolea na hali yeye mwenyewe alirudia somo akapita, alicheka akasema kipande kile bado anacho, na wenzake hawajamdai.

Katibu wa tawi hukaa ofisini kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja za jioni. Mwalimu atakayekuwa tayari kuanza na apite hapo, au amtume mwanafunzi yeyote wa Relwe. Orodha ya vitabu tuliyoikusanya, pamoja na leseni ya kila kimoja, tumeiacha kwa Bwana Mkutubi. Sasa twawaachia ninyi nafasi ya kuuliza.